Ombi la Kuhamisha Namba ya Siri Kutoka Nyumbani Kwangu

Mheshimiwa Mkuu wa Mradi wa Kupima Ulimwengu wa Giza,

Natumaini u mzima na mgongo umepata nafuu. Mimi ni mtafiti wako wa chumba namba saba, yule wa maumbo ya galaksi. Huu ni mwaka wa tisa napima jinsi giza tusiloliona linavyozivuta na kuzisukuma. Nakuandikia kwa adabu zote, ingawa sina hali.

Utaratibu wetu siupingi. Ili mtafiti asijidanganye kwa kuona anachotamani kukiona, majibu yake yote huongezewa namba ya siri inayoyaficha yale ya kweli, nayo itaondolewa Ijumaa ya wiki ijayo mbele ya watu wote. Hapo ndipo nitajua kama miaka tisa nimefanya kazi au nimechezea kompyuta. Mpaka siku hiyo, namba huwa kwa mtu mmoja tu. Miezi saba iliyopita ulimteua mke wangu, naye akiwa mfanyakazi wa mradi huu huu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mke wangu hasemi. Hilo nililitegemea, kwani ni mwaminifu. Lakini uso anao, na anakuja nao mezani kila asubuhi. Jumatatu alinitazama nikipaka mkate siagi, akatabasamu. Nikaenda kazini roho kwatu, nikijua majibu ni mazuri. Jumanne akanitazama vilevile, akashusha pumzi. Siku hiyo sikugusa kazi.

2. Imenibidi niweke daftari. Mpaka leo nina tabasamu 143, pumzi ndefu 61, na kicheko kimoja alichokicheka bafuni peke yake, ambacho bado sijui nikiweke kundi gani. Nasisitiza kwamba sijaribu kuijua namba. Napima tu, kwa ajili ya afya yake.

3. Nilimwomba awe anakula huku amenipa mgongo. Alikubali siku mbili. Kumbe mabega nayo yanasema.

4. Mama mkwe alikuja kutusalimia. Nilimuuliza kwa heshima zote, sebuleni, bintiye alikuwaje utotoni alipokuwa akificha jambo. Mama aliinuka, akamwita mke wangu chemba. Tangu hapo mashemeji wananipigia simu kwa zamu kuniuliza kama nalala vizuri, na dada yangu mkubwa ameitisha kikao cha familia. Naapa sina mwanamke mwingine. Ninaye mmoja, na huyo ndiye anayenitoa jasho.

5. Jana alinifumania nyuma ya pazia, kalamu mkononi.

Kwa hiyo naomba namba ihamishiwe kwa mlinzi wa getini, ambaye katika miaka yote hii hajawahi kuinua macho kumtazama mtu. Ikishindikana, mke wangu apelekwe kituo cha mlimani mpaka Ijumaa. Na hilo likishindikana, nihamishiwe mimi stoo ya vioo vya darubini. Godoro ninalo.

Nisalimie katibu wako, mafundi, wenzetu wa chumba cha kompyuta, na yule bwana wa stoo, umwandae kisaikolojia.

Wako mtiifu,
Mtafiti, chumba namba saba

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Amekaa kitako, akaniambia namba hiyo hanayo. Aliirudisha kwako wiki ya kwanza, kwa kuwa hakutaka kumfichia mumewe jambo, nawe ukampa mwingine. Nilimuuliza mbona amenyamaza miezi saba yote. Akasema katika miaka kumi na mmoja ya ndoa yetu, hii ndiyo mara ya kwanza nimemtazama usoni kila asubuhi, na alijua baada ya Ijumaa nitarudi kwenye galaksi. Mheshimiwa, nimeona aibu mpaka sasa nashindwa kuketi. Ombi langu nimeliondoa. Ijumaa fungueni majibu bila mimi, nitayasikia Jumatatu.