Sauti ya Bibi kwenye Hasi Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, lifunge. Kama umeshaanza kusoma, basi lisikutoke neno, hata kwa mkeo. Nimechukua kinasa sauti cha ofisi kutoka kabati la masjala bila kusaini. Mkuu wa masjala atakitaka Jumatatu ijayo, kwenye kikao cha bodi.

Sababu ni Bibi. Ijumaa anapasuliwa. Daktari ataondoa kisanduku cha sauti kooni. Atapona, amesema, ila hatazungumza tena. Nataka sauti yake ibaki, safi, bila doa. Binamu yangu, msusi, anamrekodi kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Simu! Namhurumia.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma sura ya vipimo katika kitabu cha maelekezo ya kinasa mara tatu. Sauti ikiwa ndogo mno, utasikia mvumo tu. Ikifika sifuri, kilele cha kipimo, inapasuka, na mpasuko huo haushoneki. Mstari wa kipimo ucheze kwenye hasi kumi na mbili.

Nikamwomba Bibi ajaribu. Akahesabu moja hadi kumi kwa kunong'ona, kama yuko mbele ya hakimu. Nikapandisha kipimo. Kisha akaanza kisa cha Babu kuja kuposa na viatu vya kuazima, akacheka, mstari ukaruka hadi sifuri. Nikamkatiza. Nikamwomba arudie bila kucheka. Akasema bila kicheko kisa chenyewe hakipo.

Jumatano, 5 Machi
Friji linavuma. Nimelizima. Mama amefoka, maziwa yameganda. Binamu kaja, kaitupa simu mapajani mwa Bibi, huku anamchana nywele na kupiga soga. Nikamwonya kuwa sauti ya kitana itaingia. Akasema iingie tu, nayo ni ya nyumbani. Hana elimu ya mambo haya.

Alipoondoka nikaomba majaribio mengine. Bibi akaniuliza:
"Mume wangu, koo langu ni moja. Utalijaribu mpaka lini?"
Nikamwambia bado kidogo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefanikiwa! Ofisini nimesema jino linauma. Blanketi dirishani, friji kimya, Mama kapelekwa kwa jirani. Nikabonyeza kitufe, taa nyekundu ikawa inakonyeza. Saa mbili nzima mstari umecheza pale pale, hasi kumi na mbili, hata kwenye vicheko. Bibi amesema yote. Amewataja wajukuu mmoja mmoja, kila mtu na neno lake. La kwangu lilikuwa refu, alinishika mkono. Sikulifuata vizuri, macho yalikuwa kwenye kipimo. Siliandiki hapa, limo kwenye kinasa.

Ijumaa, 7 Machi
Bibi ameingia chumba cha upasuaji saa tatu. Nikakaa kwenye benchi la korido, nikavaa visikilizio. Kinasa ni kitupu.

Ukurasa wa tisa, ambao sikuufikia: ukibonyeza mara moja, mashine inapima tu, na taa inakonyeza. Ukibonyeza mara ya pili ndipo inanasa, na taa inatulia.

Muuguzi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwonyesha ukurasa wa tisa.

Jumamosi, 8 Machi
Bibi ameamka, bandeji shingoni. Binamu akaifungulia simu yake wodi nzima. Kitana, pikipiki ya barabarani, Mama na maziwa yake, na Bibi akicheka juu ya viatu vya kuazima. Wagonjwa wamelia. Bibi amelia. Nikamweleza binamu kwamba sauti imepasuka mahali panne.
"Kaka, kaa chini usikilize," akasema.

Nikampa Bibi karatasi na kalamu, nikamsihi aandike neno langu la Alhamisi. Akaandika: Nilishakwambia, mume wangu. Akafumba macho.

Jumapili, 9 Machi
Kinasa kinarudi kesho. Leo basi nimeamua kumrekodi Mama, mapema, kabla ya ugonjwa wowote. Akaanza kuniambia siku niliyozaliwa alivyoogopa, akalia. Nikamwomba asogee nyuma kidogo na aanze tena, kilio kilikuwa kinafika sifuri. Akainuka kwenda kupika. Si neno, kipimo sasa nimekipata.

Ukiwa mtu wa mitambo, unaweza kunipata tuzungumze vipimo, masjala, dirisha la mwisho, saa nne hadi nne u nusu, mkuu anapokwenda chai. Ulizia karani mwenye miwani. Usitaje kinasa. Ukimkuta mkuu amewahi kurudi, sema umeleta barua, uondoke.