Mayai Yaliyojikunja Upya

1 Juni 1992, Jumatatu
Mke wangu Jenifer kaleta mayai kumi na mawili ya mbegu bora kutoka Mbeya. Kachuma chai mwaka mzima kuyapata. Siku hizi ruksa, kila mtu na mradi wake. Baridi ya Kyimo kali, nikashauri tuyapashe kwenye maji vuguvugu kabla mtetea hajayaatamia. Wazo langu! Sufuria ikabandikwa. Mara baba yangu huyo, mlango wa jikoni, bila hodi. Kwa mila yetu mkamwana haonani na baba mkwe. Jenifer akachomoka hadi migombani, akininong'oneza niangalie sufuria. Nikakaa na mzee, tukabishana bei ya ndizi. Alipoaga, maji yanatokota. Nimeyalaza mayai chini ya kuku na kumwambia Jenifer mambo shwari. Akijua, nimekwisha.

2 Juni, Jumanne
Nimemwendea Mwalimu Amoni wa baiolojia. Kasema ute wa yai ni protini, na protini ni uzi mrefu unaojikunja wenyewe. Mkunjo huo ndio unaoipa kazi yake. Moto huukunjua. Ila zipo zinazojikunja upya zikipoa, bila kuguswa na mtu. Bila kuguswa! Akaanza kusema, "Lakini yai..." Nikaaga. Wasomi hawakosi lakini.

3 Juni, Jumatano
Jenifer kaenda shambani. Nimezamisha mayai mtoni asubuhi nzima. Maji yanauma mifupa. Uzi gani utakataa kujikunja? Jirani yangu Hezron kapita, kaniuliza kama nayabatiza. Mshamba. Nimeyarudisha kwa mtetea. Moja lina ufa, nimelificha katikati.

9 Juni, Jumanne
Jenifer hajagundua kitu. Alhamisi alibeba kikapu kwenda kwa Kuruthumu, yule mama anayefuga kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, akarudi amenuna. Tangu siku hiyo ananipa mayai mawili ya kuchemsha kila asubuhi, ananikodolea macho mpaka nimeze. Leo kasema yamekwisha. La mwisho lilikuwa na ufa. Mapenzi haya!

25 Juni, Alhamisi
Yameanguliwa! Yote kumi na mawili! Vifaranga shingo wazi, hazina hata unyoya. Moto uliwababua kidogo, si neno. Jenifer kacheka mpaka kakaa chini. Furaha hiyo. Hezron kaja kuona, kawahesabu mara mbili. Nikamweleza uzi, mkunjo, mto. Kakimbia nyumbani, kaniletea mayai kumi na matano ya mke wake. Mke yuko kwaya, hajui. Haya nayapa muda mrefu zaidi, yapate nguvu.

Maji yanatokota vizuri.