Mgeni Rasmi na Lifti Mpya

Jumatatu, 1 Oktoba 2012
Barua mlangoni! Mwenye jengo anataka kupandisha kodi asilimia sita. Serikali ya huku ughaibuni mwaka huu imeruhusu tatu na kidogo tu. Akitaka zaidi lazima aombe kwenye baraza la kodi, na sisi wapangaji tuna haki ya kupinga. Sababu yake eti lifti mpya. Lifti ipi? Ile ile, imepakwa rangi! Asumpta, mtoto wa dada yangu (nalala sebuleni kwake kwa muda, mwaka wa tano), kashika kichwa. Kodi ikipita, tunahamia Brampton, mji wa mbali na kazi yake, kodi nafuu. Nikamwambia atulie, mjomba wake kashabishana na mawaziri watatu. Akauliza wa nchi gani. Utoto!

Jumatano, 3 Oktoba
Nimeunda kamati. Mwenyekiti: mimi. Katibu: Onyango wa ghorofa ya nne, ana digrii, masikini. Anasema tupige lifti picha, tupeleke barazani, basi. Basi? Mkutano bila mgeni rasmi si mkutano! Nimemwalika Bwana Sultanali, meneja wa jengo. Onyango akasema, mzee, umemkaribisha fisi kikao cha mbuzi. Wivu.

Jumamosi, 6 Oktoba
Umefana! Nimemsomea mgeni risala. Risala huanza kwa shukrani, hata mtoto anajua. Nikashukuru kwa lifti mpya, ya kisasa, kasi ya ndege. Malalamiko yalikuwa ukurasa wa pili, ila ukamwagikiwa mchuzi. Wapangaji kumi na tisa wakasaini ukurasa wa kwanza. Sultanali akaomba nakala, akala pilau sahani mbili. Onyango hakusaini wala hakula.

Jumanne, 16 Oktoba
Barazani. Onyango akatoa picha: kutu chini ya rangi. Mwamuzi akakunja uso. Tunashinda! Ndipo wakili wao akatoa risala yangu, imetafsiriwa Kiingereza. Tamu hata huko! Mwamuzi akauliza mwandishi ni nani. Nikasimama, nikainama kidogo. Asumpta akafunika uso. Machozi ya fahari.
Asilimia sita imepita.

Jumamosi, 1 Desemba
Brampton, chumba cha chini ya ardhi kwa Bi Sughra, mwenye nyumba wetu mpya. Asumpta sasa anapanda mabasi matatu kwenda kazini, na hanisemeshi. Ukuta unatoka maji. Leo nimemkuta anamwandikia barua, malalamiko mstari wa kwanza kabisa! Aibu gani hii? Nimeichana. Nimempelekea Bi Sughra barua ya heshima, kushukuru kwa ukuta mkavu. Nimesaini mimi, nikamsainia na Asumpta.