Daktari wa Gurudumu

Ndeti alikuwa na baiskeli moja, koti jeupe alilolitoa jeshini kwa njia ambayo jeshi halikuijua, na ulimi ambao ungeweza kumkodishia mtu punda wake mwenyewe. Mwaka ule wa hamsini na tatu alikuwa akinywa chai ya mkopo katika hoteli moja pale Sultan Hamud, aliposikia mzee Jonah akilalamika.

Jonah alikuwa mzee wa kanisa kule Kalamba, na lori lake ndilo pekee lililopanda vilima vile bila kusukumwa. Majuzi lori la jirani yake liliingia mtoni na mbuzi wote, kwa kuwa dereva alishikwa na kifafa akiwa usukanini. Dereva alipona, mbuzi walipona, usingizi wa Jonah haukupona. Alitaka kujua kama dereva wake, Kisilu, alikuwa mzima. Lakini daktari wa serikali alikuwa mbali, tena alisifika kwa maswali mengi na kutokuwa na haraka.

Ndeti alishusha kikombe taratibu, kama anayelaza mtoto. Kichwani mwake lori lilikuwa limekwisha kupakiwa mbaazi za Jonah, limeshuka Mombasa na kuuzwa kwa bwana mmoja asiyependa kuuliza. Kilichobaki ni jambo dogo tu: kumtoa Kisilu kwenye usukani na kukaa yeye.

Alimweleza Jonah kwamba kule Burma alikuwa mkono wa kulia wa daktari wa jeshi, wakipima madereva wa vifaru. Burma alifika kweli. Alimenya viazi.

Siku ya soko huko Kalamba alivaa koti lake, akaipindua baiskeli miguu juu, akazungusha gurudumu la mbele kwa kasi na kumketisha Kisilu alitazame jua kupitia spoki. Akatangaza kwamba anayepepesa macho, kifafa kimo ndani yake, kimelala tu. Kisilu akapepesa. Hata jogoo angepepesa. Jonah alichungulia mara moja kuonja, akapepesa pia, akasingizia vumbi. Siku hiyo hiyo alimwachisha Kisilu kazi, na safari ya Mombasa akampa Ndeti.

Baada ya hapo vijana wengi wenye ndoto za udereva walitaka kupimwa. Waliokuja mikono mitupu walipimwa saa sita mchana, wakaanguka wote. Waliokuja na kuku walipimwa jua likiwa limeshazama nyuma ya kilima, na afya zao zilikuwa za ajabu.

Ili Kisilu asilisogelee lori, Ndeti aliongeza dawa. Watu wa huko walikuwa wakiliogopa povu la mtu aliyeanguka kifafa. Walisimama mbali, hata mama mzazi akavutwa nyuma. Hofu hiyo Ndeti aliikuta, akaiezekea paa: povu likidondokea kitu, alisema, kitu hicho hakiguswi mpaka kinyeshewe na mvua. Ilikuwa Agosti. Huko Agosti mvua ni hadithi ya kulazia watoto.

Mtu mmoja tu hakushangaa. Ndinda, mke wa Kisilu, aliuza sabuni za vipande pale sokoni, na kazi ya mumewe ndiyo iliyolisha nyumba. Alikuwa na kaka yake huko Kwa Vonza, Mutie, aliyekuwa dereva mpaka kifafa kilipomshika. Ndinda akamwita, akampa kuku, akamtuma kwa daktari jioni. Mutie akarudi akicheka mpaka akaketi chini. Amepasi.

Siku ya safari magunia yalikuwa juu ya lori na ufunguo mkononi mwa Ndeti. Kisilu akaja kuaga. Alikumbatia usukani kama anayemzika ndugu, mara akaanguka juu yake, akatetemeka, na povu likamtoka kinywani, jingi, jeupe, likatiririka hadi kwenye breki. Soko likarudi nyuma kama wimbi la vumbi.

Ndeti alinusa. Aliijua sabuni ile ya Ndinda. Mwenyewe alikuwa akiifulia koti lake.

"Hilo si povu la ugonjwa," alisema.

"Ni la nini, daktari?" Ndinda akauliza kwa upole mwingi.

Ndeti akaukaza ufunguo ngumini.

"Chagua, baba. Kama ni sabuni, mume wangu ni mzima na kipimo chako ni uongo. Kama ni kifafa, lori haliguswi mpaka mvua. Sisi tutangoja. Wewe una haraka?"

Ndeti alitazama mbinguni. Hakukuwa hata na wingu la kusingizia. "Ni sabuni," akasema, na lori likamponyoka hapo hapo.

Mutie akajitokeza kwenye umati. "Mimi ndiye mgonjwa, mzee Jonah. Huyu alinipitisha kwa kuku. Usukani niliuacha mwenyewe, kwa sababu daktari wa hospitali aliwauliza walioniona nikianguka. Hakuuliza jua."

Jonah alimpokonya Ndeti ufunguo, akampa Kisilu, aliyekuwa bado akitema mapovu. Ndeti akairukia baiskeli yake. Haikuwa na gurudumu la mbele. Ndinda alikuwa amelikalia tangu asubuhi. Akatoka sokoni kwa miguu, mbio, akiomba radhi kwa kila aliyemgonga, na kwa punda mmoja pia.

Watu walipochoka kucheka, Jonah alikumbuka kwamba ni mzee wa kanisa. Akamkuta Ndinda akiwafunga miguu kuku wote wa daktari. Akamwambia kwamba amedanganya soko zima, amefanyia ugonjwa mzaha, na kuku wana wenyewe. Jumapili asimame mbele ya watu aombe radhi.

Ndinda alikaza fundo.

"Mzee, wenye kuku walilipa wadanganywe, wakadanganywa vizuri. Kisilu alifundishwa kuanguka na Mutie mwenyewe, na Mutie amecheka kuliko ninyi nyote. Sabuni yangu imekwisha na hawa ndio bei yake. Jumapili nitakuja, nitaimba, na sadaka nitatoa. Radhi siombi."