Kanda Saba za Baba kutoka Jeddah

Jumatatu, 9 Machi 2009

Redio kaseti ya Mama imetafuna kanda tena. Tumeiokoa kwa penseli. Mimi nazungusha, Mama kashika kifua. Kanda ziko saba. Baba alizituma kutoka Jeddah alikokuwa akijenga barabara. Mama hakujua kusoma, basi badala ya barua Baba akawa anamtumia sauti. Jumapili Baba anatimiza miaka kumi kaburini. Shemeji Arsenio, mume wa dada yangu Ludivina, kajitolea kuziingiza kwenye kompyuta. Anajua mambo hayo. Anajua mambo yote, Arsenio! Nikasema hapana: kifungua mimba ni mimi, na kompyuta ninayo. Jumapili, mbele ya ukoo mzima wa hapa mjini Lipa, Baba atasema na Arsenio atanyamaza.

Jumanne, 10 Machi

Nimechomeka waya. Nimenasa dakika arobaini na tano. Nikasikiliza. Feni. Jogoo wa jirani. Mimi nikitafuna karanga. Mke wangu Charito akiuliza nani kamaliza karanga. Baba kwa mbali, kama mtu aliyetumbukia kisimani. Kumbe kompyuta ilikuwa inasikiliza chumba, si waya! Charito kasema nimwite Arsenio. Nikarudi kwenye waya zangu. Kuna maneno hayastahili jibu.

Jumatano, 11 Machi

Ushindi! Sauti safi kama maji ya mtungi. Kanda tatu kabla ya chakula cha mchana. Furaha ikanipanda, nikaanza kuimba. Kanda ya nne nikabonyeza kitufe chekundu cha redio pamoja na kile cha kuchezea. Chekundu kinanasa. Kinanasa juu ya kilichopo.

Dakika mbili. Baba anamwambia Mama, "Isay, siku ile nilipoondoka..." Halafu ni mimi, naimba.

Nilikaa sakafuni. Charito kaleta supu ya samaki. Sikuigusa.

Alhamisi, 12 Machi

Dawa imepatikana. Watu wote husema nina sauti ya Baba. Nimejifunika blanketi kichwani, nikakohoa kama yeye, nikajaza pengo. Nilisema nakukumbuka sana mke wangu, joto la huku ni kali, na katika watoto wetu wote Doming, yaani mimi, ndiye mwenye akili. Hilo la mwisho lilikuja lenyewe.

Ijumaa, 13 Machi

Arsenio kapita. Kauliza, kwa upole wake ule unaoudhi, kama nimekwisha vunja vile vijino vya plastiki mgongoni mwa kanda, maana visipovunjwa mtu anaweza kufuta kwa bahati mbaya. Nikamwambia hata mtoto mchanga anajua hilo. Alipotoka nikavivunja vyote kwa kisu cha jikoni.

Jumapili, 15 Machi

Sala ilikwisha saa nne. Wali wa kunata, kahawa, watu thelathini. Mama kavuta kiti hadi kwenye spika. Baba akaanza kusema. Shangazi mmoja akalia. Mama hakulia, midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja naye, neno kwa neno.

Ikafika kanda ya nne. Ikafika sauti yangu. Midomo ya Mama ikasimama.

Akaomba irudiwe. Nikarudisha. Kisha akasema, bila hasira, "Huyo si mume wangu. Mume wangu hakuwahi kumsifu mtoto."

Watu wakacheka. Mimi nikaungama, pale pale. Arsenio aliangalia sakafu. Heri angecheka.

Mama akanishika mkono. Akasema miaka ishirini na tano anaisikiliza kanda ile, kwani mimi nadhani maneno yamo kwenye plastiki tu? Akaniagiza ninase kwenye kompyuta. Akasema polepole, kwenye kipaza sauti: "Isay, siku ile nilipoondoka sikugeuka nyuma. Ningegeuka, nisingepanda ndege. Usidhani nilikuwa na moyo mgumu."

Nimeyaweka pale palipofutika. Sauti ni ya Mama, maneno ni ya Baba. Nililia hadi Charito akanipa taulo.

Jumatatu, 16 Machi

Nimeamka mtu mpya. Nimemkosea Arsenio, lazima nimfanyie wema. Charito alipokwenda sokoni nikapita kwao, hawakuwepo, nikauchukua mkanda wa video wa harusi yao. Upo mmoja tu. Nitauingiza kwenye kompyuta, niwashangaze. Kuomba ruhusa kungeharibu furaha.

Umegoma kuzunguka, nikaufungua kwa bisibisi. Springi moja imeruka, imetokea dirishani. Si kitu. Ndani zimebaki mbili.