Mjane wa Dakika Kumi Bangkok

Jamani, sogeeni niwasimulie mwenyewe humu kundini, kwa sababu mkisubiri kuiona video ya Yvonne mtaelewa vibaya. Leo nimeumbuka.

Nimeumbuka Bangkok, saa nne asubuhi, mbele ya kichochoro kizima cha soko, nikiwa nimekunywa chai na akili zangu zote timamu.

Kwa wale ambao hawakuwa kwenye kikao, nianze mwanzo. Binti wa Mama Eliya anaolewa Buffalo mwezi ujao. Akina mama wa Louisville, Columbus na Buffalo tukachanga fedha za sare: vipande sitini, rangi moja. Yvonne wa Columbus, yule anayeuza magauni sebuleni kwake, huja huku Asia kila mwaka kufuata mzigo. Akasema twende naye. Mama Eliya akaomba likizo kiwandani kwao Tonawanda, jirani na Buffalo. Mimi nikaomba ghalani kwetu Louisville.

Mimi nilichaguliwa kwa ajili ya mdomo. Wengi mnajua nilikulia kambi ya wakimbizi Kigoma, na kule sokoni nilikuwa nikishusha bei ya ndizi mpaka muuzaji anauliza mama yangu ni nani. Halafu tukaletwa Amerika. Bei imebandikwa, unalipa, unanyamaza. Miaka tisa mdomo wangu umekaa bila kazi!

Tulianzia Guangzhou, China, kwenye viatu vya bibi harusi. Nikabishana, nikashusha bei mpaka nusu. Hapo ndipo kiburi kiliponiingia. (Kiatu kimoja ni namba thelathini na nane, kingine arobaini. Mama Eliya hajui. Sasa anajua.)

Leo asubuhi nikawaambia wenzangu tuvae vitenge vyetu vya safari, vile Yvonne alivyotushonea: vya njano, jogoo mwekundu kifuani, jogoo mwingine mgongoni, kila mmoja mkubwa kama sinia. Soko lile lina watu kama siafu. "Tukivaa nguo moja hatutapoteana," nikasema. Mama Eliya akaitikia amina.

Bibi harusi alikuwa ametutumia picha ya rangi anayoitaka, kijani cha parachichi lililoiva. Mama yake alipompendekezea kijani cha mchicha, alijibiwa kwa Kiingereza kirefu, na jibu lilikuwa hapana. Tukazunguka. Kijani cha mchicha kipo, kijani cha chupa kipo, kijani cha jeshi kipo. Parachichi tukalikuta duka moja tu, kwa bibi mmoja mwenye miwani ya kamba, anakula tambi.

Fedha zetu zilikuwa zinatosha ikiwa kipande kimoja hakitazidi baht mia mbili, hela za huku. Ikizidi, wengine watakosa. Na Mama Eliya alishaniambia kwa huruma kwamba ikibidi kupunguza watu, ataanza na wa mbali. Wa mbali ni Louisville! Yaani mimi na nyinyi dada zangu tuingie ukumbini kila mtu na rangi yake, kama watu waliokosea harusi.

"Bon, dada, tumuulize tu," Yvonne akasema. "Tunamuambia iko ya harusi, tunataka mingi. Donc atapunguza." (Donc ni Kifaransa chake, maana yake kwa hiyo.)

Nikamweleza taratibu, kama ninavyowaeleza wageni jinsi ya kupanda basi. Nikamwambia, mdogo wangu, muuzaji akijua una harusi amekushika shingo. Akijua unataka nyingi, amekushika na miguu. Kwa hiyo tutaingia mmoja mmoja. Wewe utaulizia vipande ishirini, ushtuke, utoke. Mama Eliya ataulizia ishirini, akidharau kitambaa, atoke. Bibi akishakata tamaa, naingia mimi namalizia.

"Na lolote litakalotokea," nikasema, "hatujuani. Hata nikianguka."

"Hata ukianguka," Mama Eliya akarudia.

Mnamfahamu Mama Eliya. Ukimwambia ibada inaanza saa tatu, saa mbili amekwisha kaa. Akiambiwa jambo, analishika.

Yvonne akaingia. Akatoka. Akanipita akiangalia dari, akakohoa mara tatu. Tulikubaliana kila kikohozi ni baht mia moja. Mia tatu!

Mama Eliya akaingia. Akakishika kitambaa kwa vidole viwili, akakunja uso kama aliyefungua gunia la dagaa waliooza. Akatoka, akasimama duka la jirani la miavuli. Kikohozi mara tatu.

Nikaingia mimi, mtaalamu.

Bibi akaandika kwenye kikokotoo: 300. Nikashika moyo. Nikaandika 120. Akacheka, akavuta tambi, akaandika 280. Kiingereza chake ni cha sokoni na changu ni cha ghalani, lakini tulielewana vizuri kuliko mimi na msimamizi wangu.

Basi nikatumia silaha ya kambini. Sikilizeni, inafanya kazi hivi: unarudisha kitambaa, unaondoka hatua saba bila kugeuka. Hatua ya saba utaitwa. Siku zote.

Nikaondoka. Ya tano. Ya sita. Ya saba.

Kimya.

Ya kumi na mbili. Kimya. Ya ishirini nikajikuta kwenye duka la chupi za wanaume, na mwenye duka ameshaanza kunionyesha saizi.

Nikarudi.

"Umesahau kitu?" Bibi akauliza.

"Mwavuli wangu."

"Hukuja na mwavuli."

(Ningeishia hapo ningekuwa nimeumbuka kidogo tu. Lakini niliwawaza nyinyi wa Louisville, mmekaa mstari wa nyuma na rangi zenu.)

Nikakaa kwenye ngazi ya duka lake, nikashusha pumzi, nikaanza maombolezo. "Bibi," nikasema, "mimi ni mjane."

(Baba Baraka, mume wangu, najua unasoma. Nisamehe. Nilikuwa nafikiria sare.)

"Mume wangu alikufa. Sina dada. Sina rafiki. Asia yote hii niko peke yangu, sina hata wa kunishikia mfuko."

Bibi akanitazama kifuani muda mrefu. Nikadhani huruma imemshika. Kisha akatazama nyuma yangu, kwenye miavuli. Kisha akatazama ng'ambo, kwenye nguzo aliyojificha Yvonne. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaandika: 200.

Mia mbili! Nusura nipige vigelegele.

"Ngapi? Ishirini?" akauliza.

"Sitini," nikasema, kwa sauti ya mjane mwenye uwezo.

Akahesabu sitini, akafunga kwa kamba, akaninyooshea mkono. "Hela."

Nikafungua mkoba. Maji. Biblia. Pipi tulizopewa kwenye ndege. Nikakumbuka. Hela zote ziko kwa Mama Eliya, kwenye mkoba aliofunga tumboni chini ya kitenge, kwa sababu mama wa bibi harusi ndiye mweka hazina.

Nikamtazama. Akatazama miavuli. Nikamkonyeza. Akageuka upande wa pili. Nikakohoa. Kule kwenye nguzo Yvonne akakohoa mara tatu.

Ikabidi niende. "Mama Eliya," nikanong'ona, "toa hela."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba. "Mama, tunafahamiana?"

"Mama Eliya, mpango umekwisha! Amekubali mia mbili!"

"Ulisema hata ukianguka."

"Sasa sijaanguka, nimeshinda! Toa hela!"

Hapo akaona hatari ya mpango kuharibika, akapaza sauti kwa Kiingereza, soko zima lisikie: huyu mama simjui, na anataka hela zangu! Akakumbatia tumbo lake. Muuza miavuli akaja na mwavuli mkubwa akatutenganisha. Nikashika mkono wa kitenge cha Mama Eliya, naye akashika changu. Yvonne akatoka mbio kwenye nguzo kuamua ugomvi, akatushika sote wawili.

Na hapo ndipo tukasimama, watatu, tumeshikana nguo, katikati ya kichochoro.

Bibi akaweka bakuli la tambi chini. Akasimama. Akatunyooshea kijiti chake cha kulia: jogoo wa kwanza, jogoo wa pili, jogoo wa tatu. Akavuta pumzi.

"Ek-i-ek-ek!"

Ndivyo jogoo wa Thailand anavyowika. Nimelijua leo, na sitalisahau. Muuza miavuli akaitikia: "Ek-i-ek-ek!" Wa mikoba akaitikia. Wa vifungo akaitikia. Kutoka hatua ishirini nikamsikia yule wa chupi, naye ana sauti nene kuliko wote. Kichochoro kizima kinawika, saa nne asubuhi, na sisi tumesimama na majogoo yetu mbele na nyuma! Yvonne, msaliti yule, akatoa simu akaanza kurekodi.

"Mjane," Bibi akaniambia, akifuta machozi ya kicheko, "umepata dada wawili kwa dakika moja. Mume naye anarudi lini?"

Nikasema yuko Louisville, mzima, anapenda ugali.

Kumbe tangu Yvonne alipoingia, Bibi alikwisha jua tuko watatu: alituona nje na majogoo yetu. Alitaka tu kuona tutafika wapi. Kisha akanionyesha juu ya kichwa chake. Kulikuwa na kibao. Kilikuwa pale muda wote, namba tupu, hata mtoto angesoma: vipande chini ya hamsini, 300; hamsini na kuendelea, 180.

Mia na themanini! Yaani tungeingia pamoja na kusema sitini, tungelipa pungufu kuliko ushindi wangu. Lakini mimi sikuangalia ukuta. Nilikuwa nakazia macho yake, kama mtaalamu.

Nikamgeukia Yvonne. Yvonne akasema, "Donc." Halafu akaendelea kurekodi. Nawaambia, afadhali angenitukana.

Bibi akatutoza mia na themanini. Akatuwekea viti, akatupa maji baridi, akaomba picha na majogoo. Mama Eliya akanyanyua kitenge kidogo kwa adabu, akatoa hela, akahesabu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa tunajuana?"

Tunajuana, mama. Na Louisville mmo, dada zangu, wote, hakuna aliyekatwa. Kilichobaki kitanunua viatu vingine vya bibi harusi, safari hii namba ileile miguu yote miwili.

Video itafika jioni. Atakayecheka nitamjua, na kitambaa chake kinalala na mimi chumbani humu. Wewe Baba Baraka, pole kwa msiba wako.

Nanyi mkienda sokoni wawili au watatu, someni kwanza kibao cha ukutani. Na kama lazima mjifanye hamjuani, badilisheni nguo.