Mgongo Wangu na Nadhiri ya Eunike

Jumatatu, 5 Julai 1954
Nimefika kwa dada Tabea, mlimani Meru. Likizo ya wiki moja. Huku ndiko kwenye kwaya na maombi, mjini wote wanakusifia. Nimechoka mimi! Mwaka mzima nimeinamia cherehani ya Mhindi. Mpango: kulala, kunywa maziwa, kusikiliza nyimbo barazani, na kumposa Eunike, yule anayeimba sauti ya pili, tuliyezoeana hapa Krismasi. Shemeji Kaanaeli, mume wa dada, amekubali kupeleka posa kwa baba yake Jumapili, baada ya ibada. Kisha akanikabidhi kikapu. Kahawa imeiva, asema, na mikono haitoshi. Lo!

Jumanne, 6 Julai
Nimechuma kahawa kutwa. Siinuki. Lemburis wa Kisongo, mpiga tarumbeta wa kanisa, kapita na gunia begani huku akimwimbia Eunike. Gunia zima! Mtu gani huyo? Kesho nitaumwa mgongo.

Jumatano, 7 Julai
Mgongo umeuma vizuri sana. Sikutoka kitandani. Eunike kaja kunijulia hali, kaleta mtori wa ndizi, machozi yanamlengalenga. Nikaguna zaidi. Nani asingeguna? Jioni dada akaja na dawa ya mizizi, chungu balaa. Akasimama pale pale mpaka nikamaliza.

Alhamisi, 8 Julai
Usingizi hakuna. Alfajiri kwaya nzima imejaa chumbani kuniombea. Sauti zote nne! Lemburis akapuliza tarumbeta dirishani, eti kunitia moyo. Nikaziba masikio. Mzee wa kanisa akasema maumivu yamepanda kichwani. Dawa ikaongezwa.

Ijumaa, 9 Julai
Shemeji asema posa isubiri. Hawezi kumpelekea binti wa watu mume asiyeweza kusimama. Nilishtuka nusura nisimame! Na Eunike hajala tangu jana, anafunga kwa ajili yangu. Nimejisikia vibaya, kweli. Nikamaliza mtori wake. Nimeamua: nitapona Jumapili, kanisani, mbele ya watu wote. Lemburis atakoma.

Jumapili, 11 Julai
Wamenibeba kwa machela hadi kanisani. Mbele kashika Lemburis, hata kutweta hatweti. Wimbo ulipokwisha, nikasimama. Nikatembea! Vigelegele, watu wanalia, mzee wa kanisa kapiga magoti. Lemburis akanikumbatia mpaka mgongo ukauma kweli. Nikamkonyeza shemeji: posa iende sasa.

Nje Eunike akaja mwenyewe. Akaniambia alikuwa anaingojea posa yangu tangu Krismasi. Moyo wangu! Lakini Jumatano, aliponisikia naguna vile, alimwekea Mungu nadhiri: nikipona, ataacha habari za kuolewa akasomee uuguzi, awatunze wagonjwa kama mimi. Na Mungu kafanya sehemu yake. Alikuwa analia na kutabasamu pamoja. Ningesema nini? Kwamba sikuwa mgonjwa?

Jumatatu, 12 Julai
Baba yake kakubali. Wiki ijayo Eunike anakwenda hospitali ya misheni, masomo ya miaka mitatu. Nimetoka asubuhi kwenda kumwambia ukweli wote. Nikafika hadi mlangoni kwao. Akatoka na uso unaong'aa, akaniuliza mgongo unaendeleaje. Nikamjibu mzima kabisa, asante. Nikageuza. Sijawahi kujichukia hivi.

Leo narudi mjini, nimechoka kuliko nilivyokuja. Dada Tabea kanisindikiza kwenda kupanda basi. Njiani nikamwuliza, kwa kupita tu, wanafunzi wa uuguzi huwatunza wagonjwa gani. Akasema amesikia huanza na waliovunjika miguu, maana hao hulazwa miezi na miezi.

Hatujafika hata barabarani, mguu wa kushoto ukaanza kuniuma.